Jino la Bosi na Homa Yangu ya Ini

Shoga yangu Narelle, leo nimejianika kazini! 🙈

Bosi Graham alituita madaktari wa meno wote wa kliniki. Akasema, "Mwenye homa ya ini humu ajitaje, afungashe virago aondoke mji huu wa Toowoomba."

Nikanyoosha mkono. MKONO, Narelle! Siri ya miaka minne!

"Ni mimi, bosi. Sheria inaniruhusu kufanya kazi, mradi nimeze dawa na vipimo visionyeshe virusi. Havionyeshi."

Akaniuliza, "Umeshamng'oa nani jino humu?"

"Wewe. Jumanne."

WEWE, nimemwambia! Ulimi wake ukakimbilia kwenye pengo, watu wakauma midomo wasicheke.

Kisha akasema, "Basi Ijumaa uniangalie na la kushoto."

Nimejifungia chooni, nacheka huku nalia.