Bomba la Kidirishani

Rukia, mwanangu,

Baba yako bado yu hai, lakini si kwa muda mrefu. Miguu imevimba, pumzi inakatika nikigeuka tu kitandani, na kalamu inaniponyoka. Mwanao Mwanaidi hunilisha uji kwa kijiko na kunigombeza nikiuacha. Ana sauti yako. Nakuandikia wewe kwanza kwa sababu kesho baada ya alasiri nitamwambia mumeo Seif jambo linalokuhusu, na sikutaka usemwe bila kuambiwa.

Boila lile, tangi la chuma la kuchemshia maji, Seif alilinunua kwenye mnada wa mali za Wajerumani walioondoka. Akalifunga kwenye bafu la uani, akasema mke wake hatakandwa kwa maji ya sufuria. Ulikuwa na mimba kubwa, ukamcheka: "Bwana, hilo si la nyumba, ni la meli." Lakini ulipojifungua na shangazi yako akaanza kukukanda kwa maji moto asubuhi na jioni, hata yeye alilisifu. Kosa letu lilikuwa kuchochea moto kutwa nzima na kukataza mtu yeyote kufungua koki, maji yasije yakampungukia mzazi. Mshale wa kipimo ukapanda mpaka alama nyekundu, na mabomba yakaanza kugonga ukutani.

Akaitwa Fundi Songoro, aliyejifunza kazi kwenye karakana ya reli. Aliamuru kuni zitolewe, kisha akakaa chini bila kugusa kitu, hata shangazi yako akanong'ona kwamba fundi huyu amekuja kupumzika. Boila lilipopoa, mshale ukashuka. Akawasha tena, ukapanda tena, akajua kipimo hakidanganyi. Ndipo alipofungua kilango kidogo cha kupunguzia nguvu ya maji moto, akakikuta kimeganda kwa kutu. Akakisafisha, na maji yakaanza kudondoka kupitia lile bomba lililotokeza nje kwenye kidirisha cha bafu. Mimi niliyesomeshwa na Wajerumani nilimsomea maandishi ya Kijerumani yaliyochongwa kwenye bati, nayo yalisema kile alichokuwa amekwisha kusema yeye, kwamba mdomo wa bomba hilo usizibwe kamwe. Alikuambia wewe mwenyewe, ukiwa nyuma ya pazia:

"Bibie, maji haya yakiingia hayarudi. Yakipata moto yanataka nafasi, na nafasi yake ni hapa tu. Yaache yadondoke."

Uliitikia kwamba umesikia.

Lakini uchochoro uliopita chini ya kidirisha hicho ulikuwa njia ya wanaume kwenda msikitini. Maji moto yakidondoka, vijana wa barazani hawakukosa neno. Siku moja nilimsikia mmoja akiwaambia wenzake, "Piteni polepole, mke wa Seif anaoga tena." Wakacheka. Nilipoingia kumtazama mtoto uliniuliza kama mtaa mzima unajua saa zako za kuoga. Nikakwambia usiwajali. Hilo tu ndilo jibu nililokupa, mwanangu.

Sitaueleza mlio ule boila lilipopasuka. Mtoto alikuwa chumba cha mbele na shangazi yako, wewe ulikuwa bafuni peke yako. Nilifika wa kwanza. Nilikufunika. Kisha nikaliona bomba limeng'oka pamoja na kidirisha chake, na ndani ya mdomo wake kuna gunzi la hindi lililozungushiwa kipande cha kanga. Kanga yako ya zambarau. Nikalichomoa. Lilikuwa bado la moto. Nikalitia mfukoni mwa kanzu kabla watu hawajaingia.

Nilifanya hivyo kwa ajili yako. Mwanamke akifa ndani ya arubaini yake, watu humwombea kama shahidi. Sikutaka waache kukuombea waanze kuulizana kwa nini uliliziba bomba. Seif alihitaji mtu wa kumlaumu, na Songoro ndiye aliyeshika boila mwisho. Akamtangaza Kariakoo yote kwamba ndiye aliyemuulia mke. Hakuna aliyemfungulia mlango tena. Sasa anaziba birika na taa nyuma ya soko, na birika moja hulijaza maji na kuyamwaga mara nyingi kabla ya kumpa mwenyewe, kwa sababu haiamini mikono yake.

Nayajua haya kwa kuwa nimekuwa nikienda kwake. Seif nilimwambia nakwenda kunyolewa, mimi mwenye nywele hizi za kuhesabika. Songoro huninunulia kahawa, tunakaa, na kila mara, tukishamaliza habari za watu wengine, huniuliza, "Mwalimu, wewe ulikuwepo. Nilisahau nini?"

Nami humjibu kwamba Mungu ndiye ajuaye. Nikanywa kahawa yake, Rukia. Miaka yote hiyo nikanywa.

Aliposikia naumwa alikuja kunitazama, na machungwa kwenye leso. Seif akamzuia mlangoni. Nilisikia kutoka humu ndani: "Mke wangu hakukutosha, umemfuata na mzee?" Seif akaapa kwamba hata siku ya maziko yangu mtu yule hatashika jeneza. Nilitaka kuinuka, miguu ikakataa. Nikajua nikifa kabla sijasema, Songoro naye atakufa akiamini kwamba ni yeye.

Basi kesho nitawaita wote wawili chumbani kwangu. Nimemtuma Mwanaidi kwa Songoro, na Seif hatathubutu kumfukuza mtu mbele ya mzee anayekata roho. Mwanaidi nitambakisha asikie. Wewe ni mama yake, na kujua ni haki yake. Huenda Seif akanichukia. Huenda akakuchukia wewe kidogo, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Sitasema ulikuwa mjinga. Nitasema ulikuwa msichana aliyechoka kuchekwa na wanaume dirishani kwake, na kwamba baba yake, aliyewasikia, hakutoka nje kuwanyamazisha. Hayo nitayasema yote mawili pamoja, au sitasema kabisa.

Pumzika, mama. Radhi yangu unayo, tangu siku ile. Yako sijui kama nitaipata. Ukinikasirikia, ningoje. Safari yangu ni fupi sasa, utanikasirikia nikifika.

Ni mimi baba yako.