Ndani ya Saa ya Namba

Mjukuu wangu Milembe,

Marahaba, salamu zako zimenifikia. Huku Ushirombo tu wazima. Baba yako Masanja anavuna mpunga. Umeuliza makumbusho yenu ya chipu za kompyuta yapangwe vipi, watu wasipite tu.

Miaka ya themanini babu yako alikwenda machimboni Geita, akaniachia saa ya namba ili nimpe Masanja dawa kwa wakati. Alikuwa mchanga, ana homa. Siku moja namba zikafutika. Nikaianika juani, kama tulivyoanika betri za redio. Wapi! Nikamwachia jirani mtoto, nikakimbia kwa fundi saa.

"Mama Masanja, umeianika kama michembe ya viazi?" Akacheka, akabadilisha betri, namba zikarudi.

"Mbona ndani haina magurudumu ya meno?" nikamuuliza.

"Kazi yote inafanywa na hiki, chipu." Akanionyesha kitu cheusi, kidogo kama punje ya mtama. Akanipa lenzi yake, na saa ya zamani ya magurudumu iliyofunguliwa, nilinganishe. Nilitazama hadi mteja wa nyuma yangu akakohoa. Ndipo nikakumbuka dawa ya saa nane, nikarudi mbio, nikaiwahi.

Basi, wawekee wageni saa za aina zote mbili, ya magurudumu na ya chipu, zikiwa wazi, wape lenzi, na usiwaeleze kitu mpaka waulize wenyewe.

Bibi yako,
Mama Masanja