Kivuli au Panga

Jumamosi, 4 Desemba 2004

Kaka Ndelilio, mwenye chumba cha gemu tunachofanyia kazi hapa mjini, ametuita mimi na Fredy leo kabla ya kufungua. Krismasi hii anafungua chumba cha pili cha gemu, Marangu Mtoni, watu wa Dar wakipanda makwao wakute kimeshachangamka. TV moja, PlayStation moja, gemu moja. Kivuli au Panga. Mimi ni wa Kivuli, Fredy ni wa Panga. Atakayemaliza yake kwanza ndiye anakabidhiwa funguo za kule, na gemu yake ndiyo inakwenda.

Marangu! Kwetu! Nitalala kwa Mama na kumkatia ng'ombe majani kabla ya kazi. Goti lake haliuwezi tena ule mteremko. Fredy kwao Kilema, anaitaka kazi hii kwa sifa tu. Nitamshinda.

Jumatatu, 6 Desemba

Wamebishana hapa mchana kutwa. Wateja wengi ni wa Panga, wameifuata tangu sehemu ya kwanza na sasa ni ya tatu. Unajificha darini, unamrukia mlinzi. Ukionekana unachomoa panga, unapigana, maisha yanaendelea.

Kivuli ndiyo kwanza iko sehemu ya pili. Ukionekana, king'ora — umekwisha. Huna hata kisu. Unasikiliza viatu. Juu ya bati vinalia hivi, juu ya zulia vile.

Fredy anadai Kivuli ni kama kusubiri kahawa ikauke. Nikamjibu Panga ni ngumi tupu, kujificha wamebandika. Wakacheka, yeye akanuna.

Haya, humu naweza kusema: mapaa ya Panga ni mazuri. Unakimbia juu ya vigae moyo unadunda. Ila ukizima TV umeshasahau. Walinzi wa Kivuli mimi nawaota.

Ijumaa, 10 Desemba

Imefutwa. Kivuli yangu yote!

Nimewasha asubuhi, memori kadi, inakohifadhiwa tulipofika, haina kitu changu. Panga tupu, imejaa pomoni. Nilikuwa nimebakiza hatua mbili tu.

Fredy kasema kadi ilijaa, akadhani ile ni ya mteja wa zamani. Mteja gani? Kadi ni moja, ya ofisi, jina langu liko pale! Hakunitazama usoni. Ndelilio anasema kadi nyingine hadi mwakani, na ahadi ni ile ile.

Nimelia chooni. Simsamehe. Naandika tena: simsamehe.

Jumapili, 12 Desemba

Nimepanda nyumbani. Tumetoka ibadani, namenya ndizi na Mama, nasikia hodi. Fredy! Ametoka Kilema na mjomba wake, mzee Primus. Mkononi ana isale.

Nikajua nimekwisha. Jani lile lile la mpakani mwa kihamba, shamba la ukoo. Likiletwa la kuomba msamaha, halikataliwi.

Mzee Primus akaongea na Mama Kichagga, taratibu, kama kesi ya shamba. Kesi yenyewe ni gemu! Mama hajui PlayStation ni nini, lakini alisikiliza mpaka mwisho. Kisha Fredy mwenyewe:

“Nilijua ni yako, Loveness. Nilikuona unakaribia kumaliza, roho ikaniuma. Nisamehe.”

Nikamenya ndizi nyingine. Mama akasema, “Pokea, mwanangu. Hapa kwetu isale halirudi lilikotoka.”

Nimepokea. Bado nina hasira, ila nimepokea. Wamekula kiburu cha ndizi na maharage kwetu, Fredy akaongeza sahani. Hana aibu!

Jumatatu, 13 Desemba

Kadi bado imejaa. Panga ya Fredy imeshikilia nafasi yote, na yeye amekwama kwa adui wa mwisho. Sikumwambia aifute. Hakusema ataifuta.

Basi nitaicheza Kivuli yote siku moja, bila kuhifadhi. Njia za walinzi ninazo kichwani. Nimemwomba Ndelilio Alhamisi, hatafungulia wateja. Kasema nina kichaa. Kakubali.

Alhamisi, 16 Desemba

Gemu imesimama, naandika kidogo.

Imebaki hatua ya mwisho tu. Tangu asubuhi sijaonekana hata mara moja! Fredy amekaa nyuma yangu kutwa, na pale kwenye ngazi alifumba macho yeye badala yangu. Sasa ametoka kuninunulia chakula. Ndelilio yuko kwa fundi. Niko peke yangu.

Umeme unacheza tangu saa sita. Ukikatika, kazi yote ya leo imekwenda.

Kila hatua ikiisha gemu inauliza: kadi imejaa, ufute Panga? Huko nyuma nilikuwa nabonyeza Hapana haraka haraka. Safari hii kishale kiko juu ya Ndiyo, na ni mimi niliyekipeleka.

Hakuna mlinzi hapa. Nitasema nilikosea, au umeme. Atajua, lakini atasema nini?

Na kaniacha na kadi. Yeye, anayejua alichonifanyia, kaniacha nayo akaenda kutafuta chipsi.

Isale limo humu, kati ya kurasa, limeanza kukauka. Naitaka Marangu. Naitaka mno, Mungu wangu!

Nimebonyeza Hapana.

Mlango wa mwisho umefunguka. Nasikia viatu juu ya bati, vinakuja upande wangu. Taa imefifia — imerudi. Fredy anagonga, anauliza kama aingie au nitashtuka.

Nimemwambia aingie polepole. Naendelea.