Mwanasesere wa Sukari Atembeaye Mwenyewe

Jumamosi, 23 Agosti
Mdomo wangu huu! Nimempigia mchumba wangu Nagafa — kumbe mama yake, Haja Tafida, kaweka sauti kubwa, ukoo wao mzima huko mjini Minya unasikiliza. Haja akaanza: mwanasesere wa sukari uliyemtumia mchumba wako Maulidi mwaka jana, kama ada, alifika vipandevipande, tukamkoroga kwenye chai. Akivunjika tena, na uchumba umevunjika. Mimi Shahata, fundi sukari bora Kairo nzima, nikajibu: "Mwaka huu, mama, atakuja anatembea mwenyewe!" Halafu Nagafa akacheka. Kwa kicheko kile ningeahidi hata farasi wa sukari arukaye.

Jumatatu, 25 Agosti
Rahisi! Kuna programu ya bure ya simu. Unapiga picha, unamsogeza mwanasesere kidogo, unapiga tena. Picha kumi na mbili — sekunde moja. Nitawatumia filamu: anatoka karakana hii, anatembea mpaka mlangoni kwao. Bosi wangu, Usta Bayumi, kanitazama weee. "We Shahata, miaka ishirini unamimina sukari kwenye kalibu, hujaona wanasesere wana sketi tu? Miguu iko wapi?"
Atateleza basi.

Jumatano, 27 Agosti
Filamu imekuwa disko! Mara mweupe, mara mweusi. Kamera inajibadilishia mwanga kila picha. Programu ina kitufe cha kuutuliza, ila kwangu kimepauka, hakibonyezeki. Shenuda, fundi simu jirani, kasema usiitukane programu, kamera yako ndiyo haina uwezo huo.
Nikaleta taa kubwa, karibu kabisa. Mwanga ukatulia. Mwanasesere akatoka jasho. Pua ikadondoka. Mimi, mtu wa sukari!
Pua kaila Usta.

Jumapili, 31 Agosti
Mwanasesere wa pili, taa mbali. Picha mia na nane — programu inajifunga. Naanza upya — mia na nane, inajifunga! Shenuda: "Simu yako kichwa kidogo, bwana. Picha zote inazishika kwa mpigo, ikielemewa inazimia." Nikapunguza ubora wa picha. Inazimia vilevile, na kwa ukungu wa picha mwanasesere kafanana na Usta.
Mia na nane. Sekunde tisa! Hajamaliza hata meza, na Minya ni kilomita mia mbili na ushee.

Jumatano, 3 Septemba
Treni ya Minya; filamu ya mezani imenishinda, nampeleka mwenyewe. Mwanasesere wa tatu mapajani, kafungwa kwenye blanketi la Usta (kanipa mwenyewe, mzee yule!). Kila kituo napiga picha. Kituo cha Beni Suef simu ikawa tanuri, nikaitupia mfukoni, mbali na sukari. Ikazima moja kwa moja.

Saa kumi jioni. Niko sakafuni mbele ya mlango wa Haja. Mwanasesere mzima, pua ipo! Nikamnyanyua juu. Haja katazama kwenye upenyo wa mlango, mnyororo haujatolewa. "Ulisema anatembea mwenyewe. Mweke chini aingie. Ukimbeba, rudi naye."
Nimepiga magoti. Mkono mmoja naandika, mwingine nasogeza. Simu ya Nagafa imechungulia chini ya mnyororo.
"Toa mkono!" — Nagafa anapiga picha. "Sogeza!" Anahesabu kwa sauti. Haja anasema upuuzi huu utaisha lini, lakini haondoki. Bado dhiraa moja hadi kizingiti.
"Mia na saba... mia na nane..."
Nimefumba macho.
"Mia na tisa! Sogeza, Shahata, mbona umelala?"