Hisa Zako za Mafuta Hatuuzi

Baba,

Amani iwe juu yako hapo ulipolala. Mama hajambo. Kiti chako cha barazani hakuna anayekikalia, isipokuwa paka, na yeye hata ulipokuwa hai hakukuogopa.

Wanazitaka hisa zako za ile kampuni ya mafuta. Baada ya khitma ya arobaini, Ami Salim alimleta bwana mmoja wa Lavington, mwenye mkoba wa ngozi. Bwana huyo akatueleza kwa upole kwamba kampuni imekopa sana kujenga matangi. Ukichukua bei ya hisa sokoni, ukatoa deni, kinachobaki ni kidogo. Angetusaidia kwa kuzinunua kwa nusu ya bei, ila zote, za kila mrithi, au aache. Mama alikuwa tayari. Karo ya mdogo wangu Rashidi inamkosesha usingizi.

Nikakumbuka asubuhi zako kabla hujashuka mjini, kwenye ofisi ya dalali wa hisa. Unamenya chungwa, taarifa ya kampuni iko mezani, unaisoma kuanzia nyuma. Picha za meli ulituachia sisi. Ulikuwa ukiniambia, "Deni litazame, mwanangu, lakini fungua na sanduku uone mna pesa ngapi. Kisha uliza deni lenyewe lalipwa lini."

Nilifungua kurasa za nyuma. Deni lipo, Baba, na si dogo. Lakini pesa zilizo benki, hata nikiacha kando za kununulia shehena ijayo, zinafunika karibu nusu yake. Na mkopo mwingi haulipwi leo wala kesho.

Kilichonichoma ni kingine. Tulipokuzika tulilipa madeni yako kwanza, la duka la vitambaa na la fundi wa paa, ndipo tukagawana. Nikamwuliza yule bwana, "Mwenye duka akija leo kukata tena kwenye mafungu yetu, utampa?" Akasema hapana. Nikamwambia bei ya sokoni nayo ni fungu la mwenye hisa. Wanaonunua pale walishalihesabu deni. Yeye alikuwa akilikata mara ya pili.

Ami akacheka. "Wewe mafuta unayoyajua ni ya taa."

Nikasema ndiyo, Ami, na hata hayo siyalipii kabla sijatikisa chupa.

Fungu langu siuzi, nikawaambia. Bwana akafunga mkoba.  Magharibi Mama akaniletea chai, akaketi karibu yangu. "Na karo?" Nikamwambia itatoka kwenye mshahara wangu wa dukani hapa Hurlingham. Viatu vipya vitangoja.

Huenda hisa zikashuka. Zikishuka, zitashuka zikiwa zetu.

Lala salama, Baba yangu. Taarifa ya mwaka ujao ikifika nitamenya chungwa, nimweke Rashidi kando yangu, na tutaanzia nyuma.

Binti yako,
Zuhura