Sisimizi Waliosimama

3 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini hujambo na goti limeanza kukusikia. Mimi sijambo, ila macho yamekuwa mekundu kama ya mtu anayepulizia kuni mbichi. Nashinda maabara, nimeinamia hadubini. Juu yake tumefunga kamera ya kasi: ukipepesa jicho mara moja, yenyewe imeshapiga maelfu ya picha. Nikizirudisha polepole, naona sisimizi wawili wanavyopapasana wakikutana, kama mawifi waliopotezana siku nyingi. Nataka kujua nani anamtuma nani kazi.

Sasa ombi. Mkuu wetu anasema utafiti usiofika darasani hauongezewi muda. Shule yako imeletewa ule ubao wa skrini. Niruhusu niwaoneshe watoto wako filamu ya kiota changu. Nikikosa darasa, sisimizi wanamwagwa bustanini, na mimi napelekwa kitengo cha ukungu wa mkate.

Mpwa wako

11 Machi

Chiriku,

Marahaba. Goti halisikii, kama wewe ulipokuwa mdogo.

Kuhusu huo ubao: tuliomba madawati, tukaletewa skrini. Sasa watoto wanabanana watatu watatu kwenye dawati moja, wanatazama kioo. Aliyekuja kuufunga alitangaza kwamba utabadilisha elimu, kisha akaondoka na rimoti. Mimi nimeutundikia masweta. Wapo wanaosema mama huyu anaogopa teknolojia. Siogopi. Ila chaki haijawahi kuniambia nisubiri kwanza, inajisasisha.

Hata hivyo damu ni damu. Nimekubali, kwa sharti moja: waonekane wakichapa kazi. Tangu nianze ualimu, kila mtoto mvivu namwuliza, "Hujamwona sisimizi?" Sasa wamwone.

Shangazi yako

2 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Mimi mzima, ila nimechelewa kuandika kwa sababu nilidhani kamera imeharibika.

Nimempaka kila sisimizi tone la rangi mgongoni ili nimfuate. Wachache wanabeba, wanasafisha, wanalisha watoto. Wengi wamesimama. Ungesema wanapumzika baada ya kazi, lakini kazi yenyewe hawajaianza. Mwenye tone la kijani namfuata tangu wiki iliyopita, na jambo kubwa alilofanya ni kugeuka. Fundi ameikagua kamera, akasema nzima. Nimesoma pia, na wenzetu kwingine wameyaona haya haya.

Nilete filamu ilivyo?

Mpwa wako

5 Aprili

Chiriku,

Salamu baadaye. Nani amekutuma?

Umewachukua viumbe wenye bidii zao, ukawafungia kwenye sanduku la kioo, ukawamulika taa, ukawapaka rangi migongoni, halafu unashangaa wamesusa. Umemwona wapi mahabusu akichapa kazi? Hata mimi ningesusa.

Filamu hiyo darasani kwangu haiingii. Nina watoto wanaotafuta usiku na mchana sababu ya kutofanya hesabu. Unataka niwape ya kisayansi?

Shangazi yako, kwa sasa

20 Aprili

Shangazi,

Shikamoo, na pole na goti.

Mkuu alipendekeza tuikate filamu, wabaki wachapakazi peke yao. Darasa lipatikane, nawe uridhike. Nimekataa. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba jibu la kulazimisha ni kosa hata likifanana na la kitabuni. Nimemwambia hatuna darasa. Mwisho wa mwezi kiota kinamwagwa. Nimeanza kusoma habari za ukungu.

Mpwa wako

29 Aprili

Chiriku,

Marahaba. Usimwage kitu.

Niliamua kukuumbua. Mimi na watoto tukachimba kiota nyuma ya jiko la shule, tukakiweka kwenye sanduku la kioo lililokuwa la samaki, bila rangi wala mataa yako. Lakini darasa zima haliwezi kuinamia sanduku moja. Ikabidi masweta yatoke. Kuna mtoto tunamwita Kifutio, hufuta daftari mpaka litoboke. Aliunganisha kamera ya simu yangu na ubao kabla sijamwuliza amejulia wapi. Sisimizi wakatokea wakubwa kama mbuzi. Kila kundi likachagua wake wa kumfuata.

Wa Kifutio, tuliyemjua kwa kupungukiwa mguu mmoja, alisimama tu. "Mwalimu, huyu mvivu." Nikamwambia anaumwa. Kesho yake nikasema ni mzee. Keshokutwa nikasema yuko likizo. Darasa likaitikia, "Ndiyo, Mwalimu," kwa ile adabu ambayo watoto humpa mtu mzima anayeongopa.

Mwalimu Mkuu aliposikia ubao unatumika, alikuja mbio kupigwa picha nao, akalipiga kumbo sanduku. Udongo ukaporomoka, mayai yakatawanyika. Na wale waliokuwa wamesimama wakaanza kubeba, wote. Wa Kifutio aliwashinda wachapakazi. Kama walikuwa akiba, au walikuwa wanangoja mtu mwenye cheo awavunjie nyumba, hilo kalimulike kwa hadubini yako.

Asiyekubali kushindwa si mshindani. Nimemwandikia mkuu wako: darasa lipo, na filamu ije nzima. Usiniulize nimeongeza nini. Amejibu upesi, tena kwa heshima.

Njoo Jumatatu, mapema. Leo nimewaambia watoto wafagie darasa, nusu wakabaki wamekaa. Nikauliza kulikoni. Kifutio akasimama, mikono nyuma: "Sisi akiba, Mwalimu. Tunangoja liporomoke."

Jibu lake njoo nalo wewe. Darasa nimelifagia mwenyewe.

Shangazi yako