Jiwe Lililokwaruza Kioo

Mibirizi, Alhamisi

Papa mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima. Natumaini kifua hakikusumbui tena huko Bukavu. Sisi nyumbani ni wazima. Maman anavuna maharage na mdogo wetu Shema ameota jino. Barua hii anakuletea Tantine Véronique, anayevuka mpaka kila siku na ndizi zake. Kwa simu ningelia kabla ya kumaliza.

Maman ameniambia kwamba Jumapili utakuja na Mzee Buhendwa aione almasi yetu, na kwamba akiridhika ataichukua na kukuachia shamba lake la mpunga la Bugarama. Ndiyo maana naandika haraka.

Jumanne darasa letu lilitembelea shule ya vito ya Kamembe. Papa, sijawahi kuingia chumba kimya kama kile, hata kanisani. Mwalimu Harelimana wa hapo alizipanga almasi ndogo juu ya karatasi nyeupe, uso chini na ncha juu, kwa sababu mng'aro wa usoni huficha rangi. Alitueleza kwamba mpimaji huangalia rangi, usafi wa ndani, mkato na uzito. Rangi hupewa herufi kuanzia D, yaani jiwe lisilo na rangi kabisa. Mawe mawili niliyoyaona sawa kabisa, yeye aliyatenganisha kwa herufi tatu.

Nikamwambia kwamba kwetu tunajua njia fupi: jiwe likikwaruza kioo, ni almasi. Wanafunzi wake wakacheka. Cyusa, ninayekaa naye dawati moja, akaniuliza kama bibi yangu naye ana meno ya almasi, maana anamaliza muwa mzima. Mwalimu hakucheka. Alisema wengi wanaamini hivyo, lakini yapo mawe mengi yanayokwaruza kioo.

Papa, nisamehe. Jiwe letu, ulilolitoa Kongo ndani ya pakiti ya chumvi na kulijaribu kwenye dirisha mbele ya majirani, lilikuwa mfukoni mwangu. Nililichukua sandukuni mwako bila ruhusa, nikitaka kujivuna. Wenzangu walipotoka nikampa mwalimu. Alilipima kwa kalamu inayohisi joto, akarudia kwa chombo kingine, kisha akasema taratibu kwamba si almasi, ni topazi nyeupe, jiwe la bei ndogo.

Nimelirudisha. Tafadhali mwambie Mzee Buhendwa ukweli kabla hamjavuka, asije akagundua baadaye na kukuita mwizi, wewe ambaye hukujua.

Lipo jambo jingine ambalo naona aibu kulisema. Mwalimu alinipa lenzi yake nitazame. Ndani ya jiwe letu mna tundu dogo lenye maji, na ndani ya maji mna kiputo cha hewa, kimefungiwa humo tangu kabla hapajawa na watu. Nilipoligeuza jiwe, kiputo kikatembea. Nilijua tumelikosa shamba, na bado sikutaka kuirudisha lenzi. Nikamuuliza wanapokea wanafunzi wa umri gani. Alisema miaka kumi na minane.

Imebaki miwili, Papa.

Maman na Shema wanakusalimu sana. Mungu akuvushe salama.

Ni mimi binti yako, ninayekungoja hata ukija na hasira,

Benitha